Penseli ya Karani wa Yadi

Kila nipitapo pande za Kilindini nikayaona masanduku ya chuma yamepandana safu kwa safu, hunijia taswira ya mzee mmoja, karani wa yadi, ambaye ujanani mwangu nilijaaliwa kukaa naye siku chache, nikamtazama akiifanya kazi ambayo wengi hawaitambui kuwa kazi, sembuse kuiita fani.

Ukutani mwa ofisi yake palikuwa na ubao uliojaa misumari, na juu ya kila msumari kadi yenye nambari ya kontena, bandari liendako na uzito wake. Na lori lilipoingia langoni, mzee hakuanza kwa kusoma hati, bali aliinama akayatazama matairi. "Karatasi yasema tani kumi," aliniambia asubuhi moja, "lakini mpira huu, mwanangu, wasema kumi na nane." Kisha akachomoa penseli sikioni, akaifuta ile kumi taratibu, kama mwalimu asahihishaye hesabu ya mtoto ampendaye, na kadi akaipandisha msumari wa juu kabisa. Nilidhani amekosea, kwani tangu lini kizito kikapandishwa juu ya chepesi? Akacheka. "Yadi ni meli iliyopinduliwa. Cha juu huku ndicho kitakachotangulia kushuka ngamani kule."

Hapo nikafahamu kwamba ilimu yake ilikuwa ni ile ile ya manahodha wa majahazi, waliopakia boriti na tende kwa kusawazisha uzito baina ya tezi na omo, wakajaza farumi pale shehena ilipopungua, wala hawakuwa na ramani ya kupakia ila ile iliyomo vifuani mwao. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini atakaye kontena la chini hana pa kuinama, hana budi kuyaondoa yote yaliyo juu yake, na kila moja liondolewalo bure ni mafuta, ni saa, na ni dereva anayekesha barabarani akingoja zamu yake.

Meli Ideal X ilipong'oa nanga Newark kwenda Houston tarehe 26 Aprili 1956, ilichukua makontena 58, hesabu ambayo karani mmoja aweza kuihifadhi kichwani. Leo meli moja huja na maelfu, na makontena 10 tu yaweza kupangwa katika safu moja kwa njia 3,628,800. Basi si ajabu kwamba kazi hii imekabidhiwa kompyuta, wala mimi si katika wanaoidharau. Tangu Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walipobuni huko Oslo, katika miaka ya 1960, lugha ya Simula ya kuigiza mambo ndani ya mashine, imewezekana bandari nzima kuishi wiki yake kwa muda wa kunywa kahawa: meli ichelewe, winchi iharibike, mvua inyeshe, malori yafurike langoni, na mpangaji akaona mapema msongamano utazaliwa wapi. Nimemwona kijana akiongeza winchi ya tatu katika bandari yake ya kivuli, na foleni, badala ya kupungua, ikahamia kwa matrekta yaliyosongana chini yake. Akaiondoa, akajaribu tena, mara kumi, mara ishirini, kwa subira ambayo mzee wangu angaliipenda. Kukosea mara ishirini kivulini ili mtu asije akakosea mara moja gatini, huo nao ni ustadi.

Lakini mashine haina macho ya kutazama matairi. Uliyoiambia ndiyo iyaaminiyo. Mwezi wa Januari 2007 meli MSC Napoli ilipopasuka ubavu baharini baina ya Uingereza na Ufaransa, ikapandishwa kusudi ufukoni Branscombe, makontena 660 ya sitahani yaliyosalimika na maji yalipimwa, na 137 kati yake yakaonekana kuhitilafiana na uzito uliotangazwa kwa zaidi ya tani 3. Haukulaumiwa uzito peke yake kwa maafa yale. Walakini mpango bora wa kupakia, uwe umesakwa kwa hesabu nzuri namna gani, umejengwa juu ya neno la mtu. Tangu tarehe 1 Julai 2016 sheria ya kimataifa yataka uzito wa kila kontena uthibitishwe kabla halijapakiwa, nami niliposikia habari hiyo nilifurahi, kisha nikaona haya kwa niaba yetu sote.

Mzee alikwisha kutangulia mbele ya haki, na ubao wake sijui ulikoishia. Juzi nilisimama nje ya lango nikaangalia malori yakiingia. Likaja moja, matairi yake ya nyuma yametanuka hata yakakaribia kugusana. Kijana wa zamu akasoma nambari, akaitia katika mashine, mashine ikakubali, na kizuizi kikainuka. Hakuna aliyeinama.