"Picha iko safi", lakini pumzi je?

Msimu wa pamba ukifika Simiyu, viwanda vya kuchambua pamba vinaunguruma na vumbi linatanda. Huu ni kati ya mikoa inayoongoza kwa pamba nchini. Sasa jiulize: tutajuaje kama njia za hewa za mtu anayeshinda kwenye vumbi hilo ni nzima?

Wengi watasema apigwe eksirei. Hapo ndipo penye shida. Eksirei ya kawaida inaonyesha umbo la pafu wakati mtu amebana pumzi. Inasaidia sana kutafuta kifua kikuu, nimonia au maji kifuani. Lakini vumbi la pamba linaweza kuleta bisinosisi: njia za hewa zinasinyaa na kifua kinabana, hasa siku ya kwanza kurudi kazini baada ya mapumziko. Mara nyingi picha haionyeshi kitu, kama ilivyo kwa pumu. Kwa hiyo ukiambiwa "picha iko safi", usidhani umeambiwa "mapafu ni mazima".

Teknolojia ya XV, ya kampuni ya 4DMedical ya Melbourne, Australia, inajaribu kuziba pengo hilo. Unapumua kawaida huku mashine ikirekodi eksirei za mwendo kutoka pembe kadhaa. Programu inafuatilia pafu linavyotanuka, kisha inachora ramani ya sehemu zinazopata hewa vizuri na zile zinazopata kidogo. Mamlaka ya Marekani, FDA, iliiruhusu mwaka 2020.

Wazo ni zuri, tusibane sifa. Spirometa, kile kifaa cha kupuliza, inapima pafu zima kwa jumla na inategemea unavyojitahidi kupuliza. Ramani inakuonyesha tatizo liko wapi. Ila ile sifa ya "haiingilii mwili" inapigiwa debe kupita kiasi. Spirometa nayo haiingilii mwili, na haina mionzi hata chembe. Tena ramani haisemi chanzo: ni vumbi, sigara, au kovu la kifua kikuu cha zamani? Hilo linajulikana kwa kumuuliza mtu kazi na maisha yake.

Kwa Bariadi, basi, spirometa ianze: mfanyakazi apulize kabla na baada ya zamu, siku ya kwanza ya wiki. XV ibaki kwa wale ambao majibu yao yanawachanganya madaktari. Na kama una ndugu kiwandani anayebanwa kifua kila Jumatatu, mwambie amtajie daktari kazi yake, hata asipoulizwa.