Mahakama na Ujira wa Kibarua: Funzo Kutoka Marekani

Wanafunzi wetu wakikuta habari za sheria ya Marekani ya mwaka 1931, iitwayo Davis-Bacon, huuliza: yawezekanaje dola ya kibepari imtungie kibarua ngao? Sheria hiyo yamtaka mkandarasi anayejenga kwa fedha za Serikali ya Shirikisho, mkataba ukizidi dola 2,000, awalipe mafundi na vibarua ujira usiopungua ule wa kawaida wa mahali pale, kama utakavyotangazwa na Wizara ya Kazi. (Tusisahau kwamba wabunge wengine waliitaka ili kuwazuia vibarua weusi kutoka Kusini.) Ngao ipo. Lakini kada asiyesoma hukumu amesoma nusu ya sheria.

Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ilitamka kuwa sheria hii imewekwa kumlinda mfanyakazi, si mkandarasi. Maneno mazuri. Mwaka 1981 ilikuja kesi ya mfanyakazi wa maabara ya Serikali karibu na Chicago, aliyedai ujira wa ujenzi. Idara iliyotoa mkataba ilikwisha amua kuwa mkataba wenyewe si wa ujenzi unaohusika. Mahakama ikasema, kwa kauli moja, kuwa chini ya mkataba wa namna hiyo sheria haimpi mfanyakazi haki ya kushtaki mwenyewe. Yaani karani wa Serikali akikosea kuandika mkataba, anayelala njaa ni kibarua.

Mgogoro mkubwa zaidi umo katika maneno machache: wafanyao kazi “moja kwa moja mahali pa kazi”. Kwa miaka mingi kanuni za Wizara ziliwahesabu pia madereva wanaoleta vifaa. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufaa ya Washington iliwatoa: anayepakia nje ya eneo la ujenzi na kuendesha lori barabarani hayumo. Mwaka 1996 mahakama nyingine ya rufaa ikafuata, katika kesi ya malori ya lami ya barabara huko Indiana, japo mtambo wa lami ulikuwa maili chache tu kutoka kazini.

Baadhi yetu hukimbilia kusema majaji wamehongwa. Huo ni uvivu wa nadharia. Hongo haihitajiki. Majaji walisoma herufi kama zilivyo, na herufi kweli zasema hivyo. Kosa lao ni kuitenga herufi na uzalishaji: hakuna barabara bila lami, wala lami haitembei yenyewe. Mkandarasi naye amejifunza kwamba akiusogeza mtambo, ujira nao unasogea.

Mwaka 2023 Wizara iliandika upya kanuni, ikawarudisha baadhi ya madereva, na kusema kifungu cha ujira kikisahauliwa katika mkataba kihesabiwe kimo. Juni 2024 jaji mmoja wa Texas alizuia yote mawili.