Udongo Una Mafundi Wake

Msafiri anayekwenda Ulaya kutazama majengo ya kisasa huelekezwa kwanza kwenye vitu vinavyong'aa. Ataambiwa aende Bilbao, Hispania, akaone makumbusho ya Guggenheim ambayo Frank Gehry aliyavika bamba za titani, yakafunguliwa mwaka 1997. Ataambiwa asiikose Paris na Kituo cha Pompidou, ambacho tangu 1977 kimeyaanika mabomba yake nje, mpita njia ayaone. Akiwa na nauli ya ziada atafika Roma kuona jengo alilolichora Zaha Hadid. Sina ugomvi na ziara hiyo. Lakini mtu aliyejifunza kutazama kuta huku kwetu Kongo, kwenye barabara ya kutoka Uvira kwenda Baraka, Ziwa Tanganyika likiwa kushoto kwake na milima ya Mitumba kulia, ana haki ya kuanzia kwingine. Mimi ningeanzia Laufen, mji mdogo wa Uswisi, mbele ya ghala la udongo.

Ghala hilo ni la kampuni ya Ricola, watengenezaji wa peremende za majani ya dawa. Walilichora Herzog & de Meuron wa Basel, walewale waliogeuza kituo cha umeme cha London kuwa makumbusho ya Tate Modern, na lilikamilika mwaka 2014. Lina urefu wa mita 111 na kimo cha mita 11. Kuta zake ni udongo uliochimbwa kilometa chache kutoka hapo, ukashindiliwa ndani ya kalibu, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukawa mgumu bila kuonja moto. Hazina rangi wala plasta. Waliuchagua udongo kwa sababu ya mali iliyomo ndani: majani yaliyokaushwa huharibika hewa ikichezacheza, na udongo hunywa unyevu hewa inapolowa, kisha huutoa hewa inapokauka. Mama yeyote wa Lusenda anayeweka maharagwe yake katika nyumba ya udongo anaijua kazi hiyo ya ukuta, hata kama hakuna aliyemwandikia ripoti.

Lusenda wengi wanaijua kwa kambi. Mwaka 2015, Burundi ilipochafuka kwa sababu ya muhula wa tatu wa Pierre Nkurunziza, maelfu ya Warundi walikimbilia Kivu Kusini, na kambi ikafunguliwa hapa katika eneo la Fizi, nchi ya Wabembe. Mwanzoni palikuwa na miti na shitingi. Shitingi humwokoa mtu usiku wa kwanza; baada ya hapo humtesa. Mchana huwachemsha waliomo ndani, usiku hupigwapigwa na upepo wa ziwa mpaka hakuna anayelala. Basi kuta za udongo zikaanza kupanda. Waliofika bila godoro walifika na ufundi mikononi, na wenyeji waliowapokea walikuwa nao uleule, kwa kuwa pande zote mbili za mpaka hujengea udongo kwa taratibu zinazofanana. Hakuna aliyehitaji semina ya tofali.

Nataka nikae kidogo kwenye tofali lenyewe, maana ndipo ufundi ulipo, na wanaoandika juu ya majengo hupapita mbio.

Kazi huanza kwa kuchagua udongo. Ule wa juu, mweusi, wenye mizizi, huachiwa muhogo. Fundi huchimba chini yake, au hutafuta kichuguu, kwa sababu mchwa wamekwisha kumchekechea. Huchukua bonge, akalilowesha, akaliviringisha kati ya viganja mpaka likawa kamba nene, kisha akaiacha ining'inie. Ikikatika upesi, mchanga umezidi na tofali litamomonyoka. Ikinyooka ndefu na kumng'ang'ania vidoleni, mfinyanzi umezidi na tofali litapasuka likikauka. Anachotaka kiko katikati, na katikati hiyo haiandikiki, kwa kuwa hubadilika kutoka mteremko mmoja hadi mwingine. Halafu maji. Maji huletwa na wanawake na watoto, madumu ya njano kichwani, na anayeusifu ukuta bila kuzitaja shingo zilizobeba maji yake amesifu nusu. Udongo hukanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi zilizokatwakatwa, hulazwa usiku kucha ulewe, hukanyagwa tena asubuhi. Nyasi hulishika tofali lisichanike linapojikunja kwa kukauka.

Kalibu ya mbao huloweshwa. Udongo hutupwa ndani kwa nguvu ili pembe zijae, juu husawazishwa kwa kipande cha ubao, na kalibu hunyanyuliwa wima. Hapo utamjua fundi. Mwanafunzi huinua kwa pupa na tofali hubaki limepinda; fundi huinua mara moja, na linalobaki chini lina kona nne zilizokaa. Linafunikwa majani, kwani jua la kiangazi likilipiga siku ya kwanza litakausha ngozi kabla ya moyo. Baada ya siku chache hugeuzwa lisimame kwa ubavu lipate upepo pande zote, na hapo husubiriwa kwa majuma. Kwa hiyo kazi hii ina msimu wake, Juni hadi Agosti, mvua zikiwa zimepumzika. Anayefyatua tofali mwezi wa Novemba anaufyatulia mto.

Kujenga nako kuna adabu yake. Msingi huwa wa mawe, nayo yapande juu ya ardhi kabla tofali la kwanza halijalazwa. Pembe hutangulia, kamba huvutwa kati yake, timazi hushushwa kila baada ya safu kadhaa. Viungo hupishanishwa: kiungo cha juu kikae juu ya tumbo la tofali la chini. Kinachounganisha ni tope la udongo uleule, na tope likiwa bichi hubonyea, kwa hiyo fundi mwenye akili hulaza safu chache kwa siku kisha akaondoka. Nimewasikia wenye nyumba wakimlaumu kwa uvivu. Waacheni waharakishe, ukuta uliokimbizwa hunenepa chini na kuinama juu, na hakuna plasta itakayouficha.

Wapo wanaosema tofali la kuchoma ndilo maendeleo. Lina nguvu zaidi, sikatai. Lakini tanuru hula miti, na katika nchi ambayo kuni zimekwisha kuleta maneno kati ya wakimbizi na wenyeji, kila tanuru ni kipande cha mlima kinachobaki uchi. Tofali bichi lina jambo jingine ambalo la kuchoma halina. Nyumba ikianguka, matofali yake hayatupwi. Huloweshwa, hukanyagwa, hurudi kalibuni.

Hilo linanipeleka Berlin. Kwenye mtaa wa Bernauer palikuwa na Kanisa la Maridhiano, lililojengwa 1894. Mwaka 1961 Ukuta wa Berlin ulipita mbele yake na kanisa likabaki ndani ya ukanda wa mauti, halifikiwi na waumini wa upande wowote. Mwaka 1985 serikali ya Ujerumani Mashariki ikalilipua. Ukuta ulipoanguka, mahali pale pangeweza kujengwa kwa kioo na chuma, kwa kuwa fedha na wachoraji havikukosekana. Rudolf Reitermann na Peter Sassenroth walichora kanisa dogo lenye umbo la yai, na ukuta wake ukashindiliwa kwa udongo uliochanganywa na vifusi vya kanisa lile lililolipuliwa. Vijana wa kujitolea kutoka nchi nyingi walikuja kushindilia. Huku kwetu tungesema walifanya salongo, kazi ya pamoja. Lilifunguliwa Novemba 2000. Ukisogea karibu unaona vipande vya tofali la zamani na kokoto zimekaa ndani ya ukuta. Mji uliochoshwa na ukuta wa zege ulijisimamishia ukuta wa udongo.

Ronchamp, Ufaransa, kuna mfano wa ukoo huohuo. Kanisa la mlimani lililokuwapo lilipigwa mabomu mwaka 1944. Le Corbusier alipojenga jipya, likakamilika 1955, mawe ya lile la zamani yaliingia ndani ya kuta nene za jipya. Watalii hupiga picha paa, lile paa kubwa la zege lililopinda. Mimi ningewaonyesha mfereji nyuma ya kanisa unaomwaga maji yote ya paa ndani ya birika, kwa sababu kilimani maji yalikuwa shida. Hapo mchoraji mashuhuri kuliko wote wa karne yake anafanya hesabu ileile ya mama mwenye beseni chini ya bati. Na huko Wachendorf, Ujerumani, wakulima walijijengea kanisa dogo shambani, lililochorwa na Peter Zumthor na kukamilika 2007: walisimamisha magogo 112, wakashindilia zege kuyazunguka tabaka moja kwa siku kwa siku 24, kisha wakayachoma magogo kwa ndani taratibu. Tabaka moja kwa siku, halafu unaondoka. Fundi wa Lusenda asingehitaji mkalimani.

Sifa za udongo zisizotaja maji ni uongo, kwa hiyo niyataje. Aprili 2020 mito ilifurika Uvira, na nyumba za udongo zilikwenda kwa maelfu pamoja na waliokuwa ndani ya baadhi yake. Katika miaka hiyohiyo ziwa lilipanda na kuingia katika mitaa ya ufukweni, Baraka ikiwamo. Tofali bichi likisimama ndani ya maji hurudia kuwa tope, na hakuna ufundi unaolizuia. Kinachozuiwa ni mvua ya kawaida. Martin Rauch, Mwaustria aliyeanza na ufinyanzi kabla ya kujenga zile kuta za Laufen, hakatai mvua iguse ukuta. Katika nyumba yake mwenyewe huko Schlins, iliyokamilika 2008, alipitisha safu nyembamba za vigae vilivyochomwa vikitokeza nje kidogo, ili maji yanayoteremka yavunjwe mwendo yasichonge. Mvua za kwanza huondoa udongo laini wa juu, kokoto hubaki zimejitokeza, na kuanzia hapo kokoto ndizo zinazoupokea mchapo. Ameruhusu nyumba yake ichakae kiasi anachokijua. Nadhani huo ndio ufundi mkubwa kabisa, kupanga hasara mapema.

Mkongo ana sababu ya pekee ya kuyatazama majengo ya Ulaya kwa jicho la pembeni. Mwaka 1958 Brussels iliandaa maonyesho ya dunia, na kwa ajili yake mhandisi André Waterkeyn alisimamisha Atomium, tufe tisa za chuma zilizounganishwa kwa mirija, kimo cha mita 102. Bado iko, na watu bado wanalipa kuipanda. Katika maonyesho hayohayo Wakongo waliwekwa ndani ya kijiji cha kuigiza chenye nyumba za nyasi, nyuma ya uzio, wafanye kazi za mikono huku wageni wakiwatazama. Baadhi ya wageni waliwarushia ndizi. Wakongo wakachoka na dharau, wakaondoka kabla maonyesho hayajafungwa. Miaka miwili baadaye nchi yao ilikuwa huru. Mpangilio wa uwanja ule ulikuwa na maana yake: chuma kiliitwa kesho, nyasi na udongo vikaitwa jana. Miaka 56 baadaye Uswisi ikasimamisha ghala la udongo, na majarida ya usanifu yakaliita kesho.

Sisemi hivyo kwa kebehi. Tofauti kati ya Laufen na Lusenda ipo, na kuifunika ni kumdanganya msomaji. Kule udongo ulichaguliwa. Hapa wengi wanaufyatua kwa sababu simenti ya kutoka Uvira hawaimudu. Kule ukuta wa udongo ni ghali kwa sababu mikono ni ghali. Hapa ni rahisi kwa sababu mikono ni rahisi. Rauch huweka jina lake kwenye ukuta. Fundi wa hapa hulipwa kwa tofali, au hupewa chakula, au huahidiwa.

Aliyeziba pengo hilo kwa kiasi ni Diébédo Francis Kéré, mzaliwa wa Gando, Burkina Faso, aliyesomea Berlin. Shule ya msingi ya kijiji chake ilikamilika 2001, kwa matofali ya udongo yaliyotiwa simenti kidogo na kushindiliwa, na wanakijiji ndio waliojenga. Mwaka 2017 London ilimwita ajenge banda la Serpentine katika bustani za Kensington, na mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker. Ninachokiona cha maana zaidi kwake ni paa la ile shule. Alilinyanyua bati juu kabisa ya dari ya matofali, akalishikilia kwa nondo nyembamba, upepo ukapata njia katikati: joto la bati hupeperuka kabla halijawashukia watoto, na kingo zake zilizotokeza mbali hulinda kuta na mvua. Katika Fizi bati hupigiliwa moja kwa moja juu ya ukuta na kukatwa fupi ili lisilipiwe zaidi, kisha mchana wenye nyumba hukaa nje chini ya mwembe.

Mgeni akifika Lusenda na kamera, baada ya Bilbao na Berlin, simshauri aanze na picha ya mbali. Achuchumae. Atazame mawe ya msingi yamepanda kiasi gani kutoka ardhini, kisha ainue macho aone bati limetokeza kiasi gani nje ya ukuta. Sehemu hizo mbili fundi anazijua vizuri kuliko mtu yeyote, na ndizo fedha zinapokatwa kwanza. Mara nyingi atakuta safu moja tu ya mawe, kwa kuwa lori la mawe lilikuwa na bei na fundi hakuulizwa.