Kuokoa, Kuhifadhi na Kuweka Akiba: Kitenzi Kimoja cha Kiingereza katika Bonde la Kilombero

Kitenzi cha Kiingereza "save" ni kidogo kwa umbo na kikubwa kwa kazi. Mwingereza hukitumia kwa mtu aliyetolewa majini, kwa fedha zilizowekwa benki, kwa wakati usiopotea bure, kwa roho iliyoepushwa na adhabu, na siku hizi kwa maandishi yaliyowekwa ndani ya kompyuta. Sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza hata leo hulitumia neno hilo kwa maana ya "isipokuwa", hasa panapokatazwa jambo ila kwa kibali. Katika masikio ya Mwingereza maana hizi zote ni ndugu wa tumbo moja. Katika masikio ya Mswahili ni watu baki waliokutana njiani. Mmoja huitwa kuokoa, wa pili kuweka akiba, wa tatu kutopoteza, wa nne kuhifadhi. Basi kila mfasiri akutanapo na kitenzi hiki hana budi kuchagua, na kila achaguapo hutia katika sentensi yake jambo ambalo Mwingereza hakulazimika kulisema.

Uchaguzi huo aghalabu huhesabiwa kuwa kazi ndogo ya kamusi. Si kazi ndogo. Katika Ifakara na bonde la Kilombero maneno hayo yote yamekutana juu ya ardhi moja: yamo katika kanisa na hospitali, katika ghala la mpunga, katika sheria ya wanyamapori, na katika amri ya kuwaondoa watu. Atakaye kujua uzito wa kila neno hana haja ya kwenda mbali. Bonde lile linatosha kuwa mizani.

Kuokoa ni neno la Kibantu, nalo ni neno la hatari. Halikamiliki mpaka pawepo watatu: mwenye kupatikana na hatari, hatari yenyewe, na mwokozi. Tena ni neno la mara moja. Kivuko cha mto Kilombero kilipopinduka kwa dhoruba Januari 2016, waliotolewa majini waliokolewa. Hapana neno jingine lililofaa. Lakini daraja lililofunguliwa mahali pale mwaka 2018, lenye urefu wa mita 384, halisemwi kuwa linaokoa mtu. Linavusha. Mtu apitaye juu yake asubuhi na kurudi jioni na gunia lake la mchele hamshukuru mwokozi, kwa sababu hakuna aliyezama. Kiswahili kimeweka mpaka ulio wazi kati ya msaada wa siku ya msiba na kazi inayofanya msiba usitokee.

Dini ililichukua neno hilo na kulipa cheo. Mwokozi na wokovu ni maneno yaliyopata mwili katika tafsiri za Biblia, na tafsiri ya mwaka 1952 inaonyesha jinsi wafasiri walivyopima. Kitenzi cha Kiyunani walichokuwa nacho mbele yao hubeba kuponya na kuokoa pamoja. Alipotajwa mwanamke mgonjwa katika Marko, waliandika kuponya. Alipotajwa mwanamke mwenye dhambi katika Luka, waliandika kuokoa, ingawa Kiyunani hakikubadilika. Hawakukosea. Walimsikiliza msomaji wao, ambaye kwake maradhi hupona na dhambi huokolewa. Baadaye uamsho ulioenea kutoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 ulileta jina la walokole, kutoka kitenzi cha Kiganda kilicho ndugu wa kuokoa. Hapo likatiwa nguvu umbo la kuokoka. Aliyeokolewa ana mwokozi anayetajwa. Aliyeokoka hutajwa yeye mwenyewe, na hali yake mpya humkaa kama nguo. Tofauti hiyo ya irabu na konsonanti chache, Kiingereza hakina njia fupi ya kuieleza.

Hospitalini mambo yakawa mengine. Ifakara ni mji wa tiba: ipo Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, na ipo maabara iliyoasisiwa na Rudolf Geigy wa Basel katika miaka ya 1950, ambayo leo ni Taasisi ya Afya ya Ifakara. Katika maandishi ya tiba msemo wa "kuokoa maisha" umekuwa wa kila siku. Huo ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Kwa Mswahili wa zamani maisha ni mwendo wa mtu duniani, shida na raha zake, riziki na watoto wake; kinachotoka mtu anapokufa ni roho au uhai. Daktari humponya mgonjwa, au humwokoa mtu; maisha yenyewe hayazami mtoni. Msemo huo sasa umekwisha kupata uraia, na itakuwa kazi bure kuufukuza. Lakini yafaa kukumbuka kilichopotea kwa kuingia kwake: mtu ametoka katika nafasi ya mtendwa, na mahali pake pamewekwa kitu kinachohesabika.

Hata hivyo bonde hilohilo limetoa mfano wa tafsiri njema kupita kiasi. Mwaka 1997 ulianza mpango wa kuuza vyandarua vilivyotiwa dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Utafiti uliotangazwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa kutumia vyandarua hivyo kulifuatana na ongezeko la asilimia 27 katika kunusurika kwa watoto wenye umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Waliobuni jina la vyandarua hivyo wangaliweza kuita kwa haki jina lenye wokovu ndani yake. Hawakufanya hivyo. Waliviita Zuia Mbu.

Jina hilo lastahili kusomwa kama shairi fupi linavyosomwa. Kwanza, limetaja adui wa kweli kwa ukubwa wake wa kweli: si kifo, bali mbu. Pili, kitenzi chake ni cha kila usiku; anayezuia leo atazuia na kesho. Tatu, na hili ndilo kubwa, kitenzi hicho kiko katika umbo la kuamuru, na anayeamriwa ni mama mwenye kitanda chake, au mkulima alalaye katika dungu la shambani wakati wa kuamia mpunga. Yeye ndiye mtenda. Hakufanywa mtu wa kuokolewa na wageni waliomletea chandarua. Amefanywa bawabu wa mlango wake mwenyewe. Tafsiri iliyo bora humwachia msikilizaji kazi yake.

Kuweka akiba ni jambo la namna nyingine. Neno akiba asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni mwisho au matokeo ya jambo. Katika Kiswahili likawa kile kinachongojea mwisho huo. Mkulima wa Ifakara avunaye mpunga na kuacha magunia kadhaa ghalani mpaka bei ipande hajauokoa mpunga wake. Ameuweka akiba. Methali husema akiba haiozi, nayo yasimama juu ya mambo mawili ambayo hayatajwi kwa kuwa kila mtu anayajua: akiba ina mwenyewe, na mwenyewe ataila. Huko Kenya kampuni moja ya simu ilipowapa wateja mkopo wa muda wa maongezi uliuita Okoa Jahazi, na jina likapendwa; lakini msikilizaji makini huona kuwa lililookolewa hapo ni deni. Akiba hutoka mfukoni mwa mtu leo kwa ajili ya kesho yake. Wokovu wa namna ile huichukua kesho yake na kuitumia leo.

Kuhifadhi nako ni kwa Kiarabu, nako ni amana. Mtu huhifadhi Kurani moyoni, huhifadhi siri, huhifadhi mali ya yatima. Mhifadhi si lazima awe mwenyewe, lakini yampasa kuwa mwaminifu, wala kazi yake haina siku ya kwisha. Vijana husema "kusevu namba", kwa Kiingereza kilichotoholewa. Kioo cha simu yao huandika "hifadhi". Kioo kimewashinda vijana kwa Kiswahili.

Sheria ya nchi imeyachukua maneno haya mawili na kuyagawia ardhi. Milima ya Udzungwa, iliyo ubavuni mwa bonde, ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1992. Sehemu ya bonde lenyewe ilikuwa pori tengefu tangu zama za ukoloni, na mwaka 2023 ikatangazwa Pori la Akiba la Kilombero. Yamkini mfasiri wa kwanza aliyeita mahali pa wanyama "pori la akiba" alitafuta tu neno la kusimama badala ya neno la Kiingereza. Lakini Kiswahili kilisema kweli kuliko alivyokusudia. Katika hifadhi ya taifa uwindaji umekatazwa. Katika pori la akiba mwenye leseni huwinda. Akiba, kama ilivyonenwa, huwekwa ili itumiwe. Na hapo hapo neno linazusha swali ambalo Kiingereza hakizushi: akiba hii ya nani? Mwenye kuila ni nani, na ataila lini?

Neno lililobeba uzito kuliko yote katika bonde hilo, hata hivyo, ni lile la kwanza. Mwishoni mwa mwaka 2012 Serikali iliendesha kazi ya kuondoa mifugo na wafugaji waliokuwa wameingia bondeni, wengi wao Wasukuma, Wamaasai na Wabarbaig. Kazi hiyo iliitwa Operesheni Okoa Bonde la Kilombero. Maneno ni ya Kiswahili na Kilatini kilichopitia Kiingereza, lakini mtindo wake ni ule wa wito wa Kiingereza unaoweka "save" mbele na jina la nyangumi, msitu au mto nyuma. Katika Kiingereza wito huo umekwisha kulainika kwa kutumiwa sana, na hausemi zaidi ya "tunza". Katika Kiswahili kuokoa hakujalainika. Kukitajwa kuokoa, masikio hutafuta wale watatu. Aliyeokolewa ni bonde. Mwokozi ni Serikali. Je, hatari ni nani? Jina halikumtaja, na kwa sababu halikumtaja, kila aliyeonekana bondeni na ng'ombe wake aliweza kuingizwa katika nafasi iliyoachwa wazi. Mtu aliyekuwa mvunja sheria ya malisho, kosa lenye kipimo na adhabu yake, akageuzwa na sarufi kuwa mfano wa moto au mafuriko. Moto hauulizwi unakwenda wapi.

Haki yataka upande wa pili usikike. Bonde lilikuwa katika hatari kweli. Ni ardhi oevu iliyoandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2002, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 7,967. Mto wake humpa Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake, na maji hayo ndiyo yanayotazamiwa leo na bwawa la umeme la Julius Nyerere. Swala aitwaye sheshe, ambaye sehemu kubwa ya kabila lake duniani ilikuwa hapo, alipungua sana. Mtu atasema: panapokuwa na hatari, neno la hatari ni halali, je, mwokozi aseme "kutunza" ilhali mtu anazama?

Hoja hiyo ni nzito, lakini yajibiwa na kitenzi chenyewe. Kuokoa ni tendo la mara moja, na mwokozi akimaliza kazi hurudi kwake. Bonde halikupatwa na dhoruba ya siku moja. Lilipungua mwaka kwa mwaka, kwa jembe na kwa kwato, kwa mashamba makubwa na madogo, kwa watu waliofika kutafuta riziki wakiwa wamefukuzwa na ukame au na operesheni za kwingine. Jambo lililoharibika kwa miaka haliwezi kutengenezwa na kitenzi cha siku. Hata miaka kumi na moja baadaye ilibidi eneo hilo lipewe cheo kipya cha sheria. Dalili kwamba kuokolewa kwa kwanza hakukutosha. Waliolipa operesheni jina walitafsiri wito na kusahau kutafsiri kazi.

Lau kitenzi kingalikuwa "tuhifadhi", maswali yangalikuwa mengine: amana hii ni ya nani, nani amekabidhiwa, atatoa hesabu kwa nani? Mndamba mvuvi, Mpogoro mkulima na mfugaji mwenye kibali wangalipata nafasi ndani ya sentensi, kwa kuwa amana huweza kuwa na wahifadhi wengi, ilhali mwokozi hupenda kuwa mmoja. Hapana anayedai kwamba neno peke yake lingalizuia ugomvi wa ardhi. Lakini amri husomwa na watu kabla ya kutendwa na watu, nao hutenda kadiri walivyosoma.

Mwanafunzi wa tafsiri hufundishwa kuuliza neno la kigeni lina maana gani. Bonde la Kilombero linamfundisha swali la pili, lililo gumu zaidi: neno la kwetu litamweka nani wapi? Majina mawili yalibuniwa katika nchi moja kwa watu wa bonde moja. Lililosema Zuia Mbu lilimpa mama kazi na likamtaja adui. Lililosema Okoa Bonde lilijipa kazi lenyewe na likamwacha adui atafutwe. Kitenzi cha Kiingereza kingaliweza kuyafunika yote mawili bila kuona tofauti. Kiswahili kinaiona, na anayekiandika hana udhuru wa kutoiona.