Chomoa Waya Kwanza: Namna ya Kupima Mfumo Endeshi wa Seva Kasongo

Mnunuzi wa mchele Kasongo hahangaiki na punje za juu ya gunia. Anazamisha mkono hadi kiwiko, anachota za chini, anazitafuna. Mfumo endeshi wa seva nao una juu na chini, na wauzaji wengi hutuonyesha juu tu: skrini inayong'aa na orodha ndefu ya mambo ambayo eti seva inayaweza. Mimi nikiitwa kupima, kwanza naomba ruhusa ya kuchomoa waya wa umeme.

Sifanyi utani. Kuanzia Kasongo mjini hadi Wamaza na Kabambare, mwenye seva anategemea paneli za sola, betri na jenereta. Betri huchoka alfajiri, mafuta huisha barabara ikiharibika kwa mvua. Seva iliyowekwa kwenye jumba la data London inaweza kukaa miezi bila kuzimika, na tabia ya mfumo wake isijulikane. Hapa kwetu inajulikana mapema. Kwa hiyo ubora naupima kwa namna mfumo unavyoanguka na unavyoinuka. Kasi na urembo vitafuata baadaye, kama muda utabaki.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Mwambie karani wa depo aandike mauzo, stakabadhi baada ya stakabadhi, na katikati ya kuandika chomoa waya. Rudisha umeme, kisha usiguse kitu. Mfumo uliofungwa vizuri utawaka, utakagua diski, utaamsha hifadhidata na programu ya mauzo, na karani ataendelea bila fundi kuitwa. Uliofungwa ovyo utasimama njiani ukiuliza swali kwenye skrini ambayo haina mtu mbele yake. Halafu tafuta stakabadhi ya mwisho ambayo karani aliambiwa imehifadhiwa. Ipo? Kama haipo, mengine yote uliyosifiwa hayana maana.

Inafaa kujua kwa nini ipo au haipo. Mifumo ya faili ya leo, kama ext4 ya Linux (imo ndani ya Linux rasmi tangu mwishoni mwa 2008), XFS ambayo Red Hat waliifanya chaguo lao la kawaida tangu toleo la 7 mwaka 2014, na NTFS ya Windows, yote huandika kwanza kwenye daftari la pembeni kile inachotaka kubadilisha, ndipo inabadilisha. Umeme ukikatika, daftari linasomwa na mambo yanapangwa upya. Lakini hapo wengi huridhika mapema. Kwa kawaida daftari hilo hulinda mpangilio wa diski, halilindi kila herufi uliyoandika. Stakabadhi yenyewe inalindwa na hifadhidata, kwa mfano PostgreSQL, ambayo haikubali kusema "tayari" mpaka diski ikiri kwamba imeandika. Ulinzi huo unaitwa fsync, na unaweza kuzimwa. Wapo mafundi wanaouzima ili programu ionekane nyepesi siku ya makabidhiano. Waulize, na uangalie macho yao wakati wa kujibu.

Ukitaka kilicho bora zaidi, kipo: ZFS, iliyozaliwa Sun Microsystems na kufunguliwa kwa umma mwaka 2005. Haiandiki juu ya data ya zamani. Huandika mahali papya, kisha huhamisha alama. Kila kipande kina hesabu yake ya uhakiki, hivyo diski ikianza kuoza, mfumo unajua kabla hujauziwa uongo. FreeBSD na Ubuntu zinayo. Inapenda RAM, na mashine nyingi za huku ni mitumba, lakini kwa diski za bei nafuu naipenda sana.

Seva ikisharudi, andika systemctl --failed. Orodha inayotakiwa ni tupu. Kisha journalctl -b -1, ambayo husimulia dakika za mwisho kabla ya kuzimika. Kama haina la kusimulia, aliyeifunga hakufikiria kwamba siku moja mtu atataka kujua kilichotokea.

Sasa saa. Hapa ndipo namtambua fundi anayejua mahali alipo. Kongo ina majira mawili: Kinshasa iko saa moja mbele ya saa ya dunia, Maniema, tuliko sisi, na mashariki yote saa mbili. Nikiandika timedatectl na kuona Africa/Kinshasa kwenye seva iliyopo Kasongo, najua mtu alibonyeza chaguo la kwanza lililotokea na kusonga mbele. Linaloanza kama kosa la saa moja linaishia kwenye vitabu: mauzo ya saa sita na nusu usiku yanahesabiwa kuwa ya jana, na muamala wa M-Pesa haulingani na daftari. Ichokonoe saa zaidi. Zima mashine, ondoa ile betri ndogo ya saa kwenye ubao mama, rudisha umeme bila intaneti. Mfumo usio na akili utaamka ukiamini uko miaka mingi nyuma, na vyeti vyote vya usalama vitakataliwa. Kwenye Debian, huduma ya systemd-timesyncd huweka alama ya muda wa mwisho iliyoujua, na ikiamka hairudi nyuma ya hapo. Saa itachelewa, ndiyo, lakini haitakwenda kinyume. Ni kitu kidogo sana, na hakuna tangazo linalokitaja.

Kibodi nitaigusia tu: hapa ni AZERTY. Seva iliyofungwa kwa mpangilio wa Kiingereza, yenye neno la siri lenye a na q, itakufungia nje siku ambayo mtandao umekatika na umebaki wewe na kibodi yako.

Kuhusu wanaojigamba kwamba seva yao haijazimwa mwaka mzima: mimi nasikia kwamba kiini cha Linux hakijasasishwa mwaka mzima. Muda mrefu wa kuwaka si medali.

Jambo la pili zito ni umri. Mfumo endeshi una siku ya kufa iliyoandikwa, na mnunuzi aliyeiva huiuliza kabla ya bei. Windows Server 2012 na 2012 R2 ziliachwa na Microsoft tarehe 10 Oktoba 2023. Windows Server 2016 inafuata Januari 2027. CentOS 7 ilifikia mwisho tarehe 30 Juni 2024. Kisa cha CentOS 8 ndicho cha kusimulia: watu waliifunga wakijua itahudumiwa hadi 2029, kisha Desemba 2020 ikatangazwa kwamba itakoma mwisho wa 2021. AlmaLinux na Rocky Linux zilizaliwa mwaka huohuo wa 2021 kuziba pengo hilo. Kwa hiyo tarehe peke yake haitoshi. Tazama pia nani ameshika ahadi. Ahadi ya Debian haikushikwa na kampuni, imeshikwa na jamii iliyodumu tangu 1993: karibu miaka mitatu ya huduma kamili, kisha hadi mitano kwa huduma ndefu (LTS). Matoleo ya LTS ya Ubuntu ni miaka mitano. Red Hat inatoa kumi, kwa malipo.

Unayeishi kwa intaneti ya setilaiti, pima pia uzito wa masasisho. Debian na ndugu zake hushusha kifurushi kilichobadilika tu, na mashine moja yenye apt-cacher-ng huweza kukigawia nyingine zote ofisini, kikilipiwa mara moja. Masasisho ya mwezi ya Windows Server huja kwa bunda kubwa.

Halafu leseni. Nakala ya majaribio ya Windows Server ina siku 180. Zikiisha, seva huanza kujizima kila saa, na wenye duka hulaumu jenereta. Nakala zilizovunjwa kufuli nazo zimezagaa, na aliyevunja kufuli ameingia ndani kabla yako. Lakini sitamcheka anayetumia Windows kihalali. Kama hesabu zako ziko ndani ya Sage 100, hukuchagua mfumo endeshi, Sage ilikuchagulia. Basi nunua leseni, na ukiweza funga aina ya Core, isiyo na mapambo, ambayo Microsoft inayo tangu toleo la 2008. Depo au zahanati inayoanza upya naishauri Debian bila mazingira ya picha. Kama mradi unataka kufunga DHIS2, programu ya takwimu za afya iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo, Ubuntu LTS ndiyo njia iliyozoeleka na wengi.

Mwisho ni nakala rudufu, na hapa Kasongo ina heshima yake. Mwaka 1981 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya Mradi wa Kasongo kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto, na takwimu zile hazikutoka kwenye kompyuta ya mezani ya zoni ya afya. Usidanganywe basi kwamba data salama ilianza na seva. Kuipima nakala, mpe fundi mashine nyingine, tupu, na ile diski ya nje anayosema ina nakala. Mwambie arudishe kila kitu mbele yako, wakati wa mchana, bila intaneti. Akimaliza, mwite karani atafute mdeni mmoja wa mwaka jana na kiasi anachodaiwa, kwa franka na kwa dola. Malipo ya fundi yangoje hapo.