Kanga, Kanuni na Mwenye Kauli

Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mwanamke hujifunga kanga iliyopanda mlima kutoka pwani na pindo lake, mji wake na jina lake. Jina hilo amelichagua mwenyewe; asiloweza kumwambia jirani kwa kinywa, humwambia kwa nguo. Binti yake ateremkapo Moshi kutafuta kazi ya ofisi, hukuta vazi limekwisha kusemewa. Kauli sasa ni ya mwajiri.

Kanuni za mavazi ni utungo, na zastahili kusomwa kama utungo. Mtunzi wake hajitaji. Neno lake kuu ni heshima, lakini mizani yake si moja: mwanamume huulizwa tai na viatu, mwanamke huulizwa mwili. Goti, bega na nyonga hugeuka vifungu vya sheria.

Utungo huu si mgeni. Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU, iliyoanza Januari 1969, ilipiga vita vimini, mawigi na suruali za kubana. Haikuwaacha wanaume kabisa, lakini ghadhabu yake iliwaangukia wanawake. Tarehe 1 Juni 2021, Spika Job Ndugai alimtoa Bungeni Condester Sichwale, mbunge wa Momba, kwa ajili ya suruali aliyovaa, baada ya mbunge mwanamume kulalamika. Aliambiwa akavae vizuri, ndipo arudi. Waliomchagua walimtuma akaseme. Siku hiyo lililosikika ni vazi.

Msomaji wa pwani atauliza: je, Mwana Kupona naye hakumwusia bintiye namna ya kujipamba? Alimwusia, yapata mwaka 1858, na pambo lile alilielekeza kwa mume. Hapo pana la kuhojiwa. Lakini msemaji twamjua: ni mama mgonjwa, atajaye jina lake, ampaye mwanawe udi na vito kwa mapenzi. Kanuni ya ofisi haipambi wala haiusii. Hutafuta kosa, na adhabu yake ni kukosa mkate.

Wala hoja hii haiipingi stara. Stara aliyoichagua mwanamke ni kauli yake, sawa na jina la kanga. Stara aliyoamriwa na mwingine ni kauli ya mwingine, iliyoandikwa juu ya mwili usioulizwa.