Jibu ni Moja Tu? Kutega na Kutegua Katika Darasa la Fasihi Simulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa Karatasi ya Tatu (102/3), chukua daftari lolote la Fasihi Simulizi ulifungue penye mada ya vitendawili. Aghalabu utakuta safu mbili zilizotengwa kwa mstari. Kushoto pameandikwa vitendawili, kulia majibu. Nyumba yangu haina mlango: yai. Kuku wangu katagia miibani: nanasi. Kila niendapo anifuata: kivuli. Mwanafunzi huikariri safu ya kulia kama anavyokariri majina ya miji mikuu, kisha hungojea mtahini amwulize.

Makala haya yanashikilia kwamba orodha hiyo, ijapokuwa ina manufaa yake, huacha nje sehemu kubwa ya sanaa ya kitendawili. Kitendawili ni tendo la watu wawili au zaidi. Kina anayetega, kina anayetegua, na kina hadhira inayoamua kama jibu limekaa sawa au limekwenda upande. Anayesoma orodha peke yake huyajua majibu bila kuijua sanaa yenyewe. Ndiyo maana mtahiniwa aliyekariri vitendawili hamsini huweza kushindwa na swali jepesi kama hili: "Eleza jinsi lugha ilivyotumiwa katika kitendawili ulichopewa."

Utendaji na maana ya mji

Tuanze na utendaji. Mtegaji husema, "Kitendawili!" Hadhira huitikia, "Tega!" Mtegaji hutoa swali lake. Wateguaji hujaribu mmoja baada ya mwingine. Wakishindwa, mtegaji hudai, "Nipe mji." Hupewa mji, tuseme Lamu. Anaweza kuukataa, akapewa mwingine hadi aridhike. Baadaye husimulia jinsi alivyokwenda katika mji ule, akalakiwa na wenyeji na kukirimiwa, ndipo akafichua jibu.

Vitabu vingi vya kiada huutaja mji huu kama mojawapo ya sifa za kitendawili, vikaishia hapo. Tujiulize: kwa nini mji? Mji ni malipo. Asiyejua hulipa, ila hulipa kwa kitu ambacho hakimfilisi, kwa kuwa Lamu haiondoki mahali pake. Isitoshe, akishalipa hana budi kuambiwa jibu. Mtegaji aliyepokea mji kisha akanyamaza na jibu lake huwa amevunja mkataba. Kwa hivyo, jamii iliyobuni utaratibu huu iliamini mambo mawili: kutojua kuna gharama, lakini gharama hiyo isiwe aibu; na maarifa yakishalipiwa ni ya wote.

Linganisha hali hiyo na darasa ambamo mwanafunzi aliyekosea hupigwa mkasi kwa wino mwekundu, akaketi, na jibu likaandikwa ubaoni bila maelezo. Hapo mwanafunzi amelipa, lakini hakupewa haki yake.

Ngeli zinazopotosha

Katika uchambuzi wa mtindo wa vitendawili huwa tunataja istiara, tashihisi, taswira, takriri na tanakali za sauti. Ni sawa. Hata hivyo, iko mbinu moja ambayo hutajwa kwa nadra, nayo ni matumizi ya upatanisho wa kisarufi kama chambo cha kumpotosha mteguaji.

Chunguza: Kila niendapo anifuata. Kiambishi a- ni cha ngeli ya A-WA. Mteguaji akikisikia huanza kutafuta mtu au mnyama: mbwa, mtoto, labda adui. Ilhali kivuli kimo katika ngeli ya KI-VI, na sentensi ya kawaida ingekuwa "kila niendapo kinanifuata". Laiti mtegaji angesema hivyo, nusu ya siri ingefichuka. Vivyo hivyo, Popoo mbili zavuka mto. Kiambishi za- hupatana na popoo zinazotajwa, si na macho yanayofichwa. Katika kuku aliyetagia miibani, kitenzi hupatana na kuku, na nanasi halina alama yoyote ndani ya sentensi.

Kanuni ni hii: upatanisho hufuata kinachofichia, haufuati kinachofichwa. Ukiielewa kanuni hii utaona kwa nini istiara ya kitendawili ni kamilifu kuliko tashbihi. Tashbihi huviweka vitu viwili kando kwa kando ukaviona vyote, ilhali kitendawili hukiondoa kimoja kabisa, hadi kwenye viambishi. Mtahiniwa akiueleza ukweli huu kwa mfano mmoja tu, atakuwa ameonyesha kwamba anaichambua lugha.

Kila kipera na mizani yake

Kosa jingine ni kuvipima vipera vyote vya semi vinavyoficha maana kwa mizani moja. Vipera hivi hufanana kwa kuwa vyote huchemsha bongo, ila hutofautiana kwa namna jibu linavyothibitishwa.

Jibu la kitendawili huthibitishwa na mlingano pamoja na makubaliano ya jamii. Yai linalingana na nyumba kwa kuwa lina ukuta na lina mkazi, na linakinzana nayo kwa kukosa mlango. Bila mlingano hakuna istiara. Bila ukinzani hakuna swali. Kipo pia kitendawili cha kisa: watu watatu walivuka mto, mmoja hakuyaona maji wala kuyagusa, wa pili aliyaona asiyaguse, wa tatu aliyaona na kuyagusa. Jibu ni mama mjamzito aliyebeba mtoto mgongoni. Hapa neno "watu" limetumiwa kwa ujanja kumjumuisha ambaye hajazaliwa.

Chemshabongo yenye mantiki haihitaji makubaliano ya jamii. Chukua ile ya mtu mwenye chui, mbuzi na majani. Anataka kuvuka mto kwa mtumbwi unaombeba yeye na kitu kimoja tu. Akimwacha chui na mbuzi, mbuzi ataliwa. Akimwacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Afanyeje? Kwanza amvushe mbuzi, arudi peke yake. Amvushe chui, arudi na mbuzi. Amwache mbuzi, avushe majani, arudi peke yake. Mwisho amvushe mbuzi tena. Hizo ni safari saba, kwenda na kurudi. Mwanafunzi aghalabu hukwama katika safari ya nne kwa sababu amejiwekea sharti ambalo hakupewa, kwamba kilichokwisha kuvuka hakirudi. Mwalimu akilionyesha jambo hilo, atakuwa amefundisha kufikiri. Zingatia pia kwamba mtegaji akisahau kutaja kuwa mtumbwi hubeba kitu kimoja tu, mteguaji atakayevusha vyote kwa pamoja hajakosea. Katika chemshabongo, masharti ni dhamana ya mtegaji.

Mchezo wa maneno nao huthibitishwa na lugha yenyewe. Tuseme mama amewaambia watoto wawili, "Leteni kaa." Mmoja akaenda jikoni, mwingine akaenda ufuoni. Nani aliyemwelewa? Swali halijibiki, kwa kuwa kaa ni la moto na kaa ni wa baharini, na kitenzi "leteni" hakina kiambishi cha kutofautisha. Angesema "mleteni" au "lileteni", fumbo lingefumbuka papo hapo. Mwalimu anayefundisha ngeli atapata hapa mfano ambao darasa halitausahau.

Katika kundi hili umo pia mchezo wa kinyume, ambapo silabi ya mwisho huhamishwa mwanzoni: kitabu kikawa bukita, nyumba ikawa mbanyu. Mchezo huu si wa jana. Edward Steere aliunukuu Unguja na kuutolea mifano katika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili, kilichochapishwa mwaka wa 1870. Mwanafunzi wa Nairobi anayesema "risto" badala ya "stori" huenda hajui kwamba anautumia mtindo uleule wa watu wa pwani. Mwambie, naye ataacha kuidhania Fasihi Simulizi kuwa mali ya mababu peke yao.

Fumbo, hatimaye, huthibitishwa na muktadha. Maana yake humjia anayejua nani amesema, kwa nani na kwa sababu gani. Ndiyo maana mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyetunga mapema katika karne ya 19, huhitaji kusomwa pamoja na historia ya siasa za mji huo. Ndiyo maana pia katika gĩcandĩ, sanaa ya Wagĩkũyũ ambamo watambaji wawili hushindana kwa mafumbo, mmoja hawezi kujitosheleza bila mwenziwe. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alimfanya mtambaji wa gĩcandĩ kuwa msimulizi wa riwaya yake ya mwaka wa 1980, ambayo katika Kiswahili ni Shetani Msalabani. Fumbo basi si pambo la simulizi fupi tu. Huweza kubeba riwaya nzima.

Jibu lililokubalika na jibu linalofaa

Wapo walimu watakaopinga. Watasema: "Mtihani una mwongozo wa kusahihisha. Tukiruhusu kila jibu, tutawaangamiza wanafunzi." Hoja hii ina uzito, na haifai kupuuzwa. Jamii nayo ililinda majibu yake. Si kila jibu lilipokewa.

Hata hivyo, tutofautishe jibu lililokubalika na jibu linalofaa. Mwanafunzi akisema kwamba anayemfuata kila aendapo ni mwezi, hajasema upuuzi. Atembeaye usiku huuona mwezi kama unaandamana naye juu ya miti. Kivuli ndicho jibu lililokubalika, lakini nacho hupotea gizani, kwa hivyo neno "kila" lina chuku kwa majibu yote mawili. Mwalimu mwerevu atamwuliza mwanafunzi huyo atetee jibu lake mbele ya wenzake, atamsifu kwa mlingano alioubaini, kisha atamweleza jibu ambalo jamii imelichagua. Hapo hakuna aliyeangamia. Kinyume chake, darasa limepata mjadala kuhusu istiara, chuku na hadhira kwa wakati mmoja.

Jambo hili lina umuhimu zaidi leo kwa sababu mazingira ya wanafunzi yamebadilika. Kitendawili hutumia vitu vinavyoonekana na wote. Aliyepita kando ya mashamba ya mananasi ya Thika anajua kwamba tunda hilo hukaa katikati ya majani yenye miiba, kama yai katika kiota. Aliyeliona sokoni tu, likiwa limekatwa vipande, hawezi kulitegua, atalikariri. Kosa si lake. Dawa ni mbili: aonyeshwe nanasi lilivyo shambani, na apewe nafasi ya kubuni vitendawili kuhusu vitu avijuavyo yeye, kama vile simu, matatu na mita ya umeme. Mwanafunzi akiweza kuificha simu ndani ya istiara, hatahitaji kukariri sifa za kitendawili, kwa kuwa atakuwa amezitumia.

Neno kwa mtahiniwa

Ukiulizwa utegue, andika jibu lililokubalika. Usijaribu ubunifu hapo. Ukiulizwa uchambue, fuata hatua nne: taja kinachofichia, taja kinachofichwa, eleza mlingano wao, kisha eleza ukinzani unaozua swali. Ongeza tamathali unazoziona, na uonyeshe kila moja kwa maneno ya kitendawili chenyewe. Ukiulizwa umuhimu, usiandike "huburudisha" ukakomea hapo. Eleza huburudisha vipi: kwa ushindani, kwa malipo ya mji, kwa kicheko cha jibu lililokuwa karibu likakosa kuonekana. Ukitofautisha kitendawili na methali, kumbuka kwamba methali hujikamilisha katika kinywa cha msemaji, ilhali kitendawili hubaki nusu hadi mwingine akijibu.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha makala haya. Orodha ya safu mbili humpa mwanafunzi nusu zote mbili bila mwenzake, naye hukosa kazi ya kuziunganisha. Mwalimu, kabla ya kuandika orodha ubaoni, tenga kipindi kimoja wanafunzi wategeane, washindwe, walipane miji na wabishane. Orodha ije baadaye kama kumbukumbu ya waliyoyatenda.

Maswali ya mazoezi

1. "Ajenga ingawa hana mikono." Tegua kitendawili hiki, kisha uchambue ukinzani na tashihisi iliyomo.

2. Kwa kurejelea vitendawili vitatu, onyesha jinsi upatanisho wa kisarufi unavyotumiwa kuficha jibu.

3. Tofautisha kitendawili na chemshabongo kwa kuzingatia namna jibu la kila kimoja linavyothibitishwa.

4. Tunga vitendawili viwili kuhusu vifaa vya kisasa. Mtegee mwenzako, kisha eleza kwa nini alitegua au alishindwa.